Wodi ya Wazazi Ipewe Jina Lake?

Admin, ficha jina langu na kijiji usikitaje. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi Buhongwa. Mtoto wa kuzaa sina. Sijaja kutafuta pole.

Nilikulia kijiji cha ujamaa kando ya ziwa. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kaunda suti na maneno mengi. Jembe alilishika siku wageni wakija na kamera. Nikiwa darasa la tano ikaletwa dawa ya kuua magugu kwa ajili ya shamba la pamba la kijiji. Sisi wasichana wa shule ndio tuliochota maji na kuikoroga, mikono ndani hadi kwenye viwiko. Glavu hatukuzijua. Binti wa mwenyekiti, nimwite Monika, hakukanyaga pale hata siku moja. "Ana kifua," alisema baba yake. Madebe matupu tukagawiwa kama zawadi, na mama yangu akalifanya letu la maji ya kunywa.

Nikaolewa Ilemela. Mimba ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu nikajifungua mtoto aliyekwisha kufa. Mama mkwe akamwambia mwanawe mbele yangu, "Umetuletea kaburi ndani ya nyumba." Mume, dume zima na ndevu zake, akaitikia "ndiyo mama" akaoa mwingine. Aliyekuja kunikanda na kunipikia uji ni Monika.

Mwaka jana tulikuwa msibani kule kijijini. Yule mwenyekiti, siku hizi mzee anatembelea mkongojo, akawa anawasimulia vijana enzi zake. "Wangu sikuwapeleka kwenye ile dawa," akasema huku anacheka. "Bwana shamba aliniambia pembeni, mtoto wa kike asiishike, itamharibia uzazi."

Nilikuwa nimekaa nyuma yake na sahani ya wali. Na shikamoo nilikuwa nimeshampa!

Nikamuuliza, "Na sisi je, mzee?"

Akageuka kidogo. "Ninyi mlikuwa wengi." Akaendelea kula.

Daktari niliyemweleza hakunidanganya. Baada ya miaka yote hii hawezi kuthibitisha kuwa ni dawa, ila inawezekana. Sawa. Lakini yule mzee aliambiwa akanyamaza, na hilo halihitaji kipimo.

Sasa kijiji kimejenga wodi ya wazazi, wanataka kuipa jina lake. Jina lake, juu ya mlango wa kuzalia! Monika kaja na kitenge kipya, ananibembeleza nisimame siku ya ufunguzi niseme baba yake alitulea. "Dada, wewe unajua kuongea, na mzee hana siku nyingi." Maskini hajui kitu, pale msibani hakuwa karibu. Nikisema ukweli namvunja mtu pekee aliyenishika mkono. Nikisifu, nitajitapikia.

Wa kuniambia nimsamehe, kwanza mniambie ni lini ameomba. Wengine nishaurini, ndugu zangu: nikipewa kipaza sauti, niseme nini?