Mtafiti wa Mizizi ya Tumbaku

Mtafiti tuliyefanya naye kazi hakuwahi kuvuta sigara, ila alinuka tumbaku kuliko mvutaji yeyote, na mama mkwe wake alishakataa kuamini kwamba ni kazi. Kutwa alisaga mizizi ya tumbaku akitafuta kimeng'enya kinachounda nikotini, ili siku moja viwanda vikitumie kutengenezea dawa za wagonjwa. Kucha zake zilikuwa za kahawia. Alizungumza polepole, kama anayesoma maelekezo kwenye chupa. Alipodhani amekipata, alikizima katika miche michache. Nikotini ikatoweka, sisi tukapiga makofi. Yeye akasema tu, "Haya."

Haukupita muda, viwavi wakavamia banda la miche. Mingine hawakuigusa, hii isiyo na nikotini waliifyeka, na bila mbegu zake kazi yote ingeanza upya. Nilimkuta amepiga magoti, anatoa kiwavi mmoja mmoja kwa vidole.

"Si upulize dawa tu, dada?"

"Dawa yao ilikuwemo humu. Nimeizima mimi."

Kisha akaugeukia mche uliobakiwa na jani moja, akaufuta vumbi kwa kidole gumba. "Samahani, mama," akauambia. "Nilikuwa kazini."