Bibi wa Maskati ananisubiri, lakini anayemsubiri si mimi

Admini, assalaam alaykum. Nakuomba unifichie jina, na mtaa pia usiutaje. Sema tu niko Mji Mkongwe, maana kwetu watu wanajuana mpaka kwa mlio wa makubazi. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Cheti changu kinasema nina miaka kumi na saba. Ukweli sijatimiza hata kumi na sita, na hilo nimelijua wiki tatu zilizopita. Mimi si msemaji. Darasani nikiulizwa, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, jibu nnalo ila hunikwama kooni. Ndiyo maana naandika.

Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume wa miaka kumi na tatu. Baba alifariki zamani. Tangu mwaka jana Mama anapanga kutupeleka Maskati likizo ya mwezi wa sita, kwa Bibi, mama yake mzazi. Bibi ana maradhi ya moyo, hawezi tena kupanda ndege. Kila Ijumaa tukizungumza naye kwa video hunambia, "Mjukuu wangu, nataka nikuone kabla sijafa. Nilikupakata siku arubaini mimi." Mdogo wangu ndiyo usiseme. Nguo keshazipanga kwenye begi, na kutwa kunitania: "Dada, kule watakukatia tiketi ya mtoto. Miaka kumi na saba na kimo hicho?" Nilikuwa nacheka. Sasa sicheki.

Ili tupate paspoti ilibidi twende kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kuchukua barua. Ni mtu mzima, anaijua familia yetu tangu enzi za Baba. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akavaa miwani na kukisoma cheti changu cha kuzaliwa. Akakisoma tena. Halafu akamwambia Mama taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Bibie, mtoto wa tarehe hii si yule tuliyemzika? Mimi mwenyewe nilishuka kaburini kumpokea."

Mama hakuniangalia. Alisema, "Bwana Sheha, andika tu. Mtoto anataka kwenda kumuona bibi yake."

Akaandika. Mkono wake ulikuwa unakwenda polepole sana.

Tulipofika nyumbani Mama alifunga mlango wa chumba, akakaa kitandani na buibui lake vile vile, akanambia. Kabla yangu alizaa mtoto wa kike. Bibi alikuja kutoka Maskati kumlea arubaini, akaondoka. Mtoto alipofika miezi sita alishikwa na homa, siku mbili tu, akafa. Wakati huo Bibi kalazwa, moyo umemzidi, na Baba na Mama wakakubaliana wasimwambie mpaka apone. Alipopona, Mama alikuwa na mimba yangu. Nikazaliwa mwanamke. Wakanipa jina lile lile la marehemu, kama wanavyofanya watu wengi, na picha zangu wakamtumia Bibi kama ndiye yule yule. Cheti hawakunitafutia kingine. "Kilikuwepo ndani ya sanduku," Mama alisema, "na jina ni lako. Niliona ndo hicho hicho." Nikaandikishiwa shule kwa cheti hicho.

Kwetu hatukati keki. Siku yangu ya kuzaliwa Mama hupika mkate wa kumimina, akawagaia watoto wa chuo cha Kurani, kisha hujifungia akasoma Yasini. Hutoka macho mekundu. Miaka yote hiyo nilijua ananiombea mimi maisha marefu. Nilikuwa naona fahari jamani, mwenzenu naliliwa kwa mapenzi. Kumbe nilikuwa nakula mkate wa hitima ya dada yangu.

Kuna jingine. Mtoto yule alikuwa na alama nyeusi chini ya sikio la kushoto, na Bibi alikuwa akiibusu kila akimuogesha. Nikakumbuka kila Ijumaa, kabla ya simu, Mama husema, "Jifunike vizuri, Bibi anakuona." Nilidhani ni adabu. Sasa kila nikipita mbele ya kioo navuta mtandio, naitazama shingo yangu. Nyeupe, haina kitu. Siku nyingine nahisi kuna mtu nyuma yangu anaitazama pia, mkubwa kwangu mwaka na nusu, anangoja nimrejeshee vitu vyake.

Nilimuuliza Mama, "Bibi akiitafuta?" Akasema, "Tutamwambia imefutika ulipokua." Nikamwambia kwa nini tusirekebishe cheti kwanza. Akalia. "Itachukua muda mwanangu, na yeye hana muda. Unataka nimpigie mama yangu simu nimwambie mjukuu wake alikufa zamani? Moyo ule utastahamili?"

Jumatatu tunaitwa ofisini kwa ajili ya paspoti. Nitatia saini kwamba maelezo yote ni ya kweli. Nikisema ukweli, safari imekufa, mdogo wangu atafungua begi lake, na huenda Bibi asituone ana kwa ana. Nikinyamaza, nitaingia Maskati kwa tarehe ya maiti, nikumbatiwe na bibi ambaye mikono yake inamkumbuka mwengine. Na mimi je? Siku niliyozaliwa haijaandikwa popote. Mama mwenyewe anakumbuka tu kwamba mvua ilikuwa inanyesha.

Nyinyi mliokwishalea, na nyinyi mlioficha jambo kwa ajili ya mgonjwa, naombeni mnambie kabla ya Jumatatu: nitie saini au nisitie? Msimtukane Mama yangu, tafadhali.

Leo ni Ijumaa. Sasa hivi Mama ananiita kutoka chini, "Njoo, Bibi yuko hewani!" Nimeitika naam, kwa jina letu sote wawili, na natafuta mtandio.