Mstari Alioruka Nthenya

Barua ya Mheshimiwa mbunge ilifika kila mwisho wa mwezi kwenye simu ya Nthenya, kurasa nne za Kiswahili cha ofisi, na kwa miaka tisa yeye ndiye aliyewasomea watu kanisani, kijijini kwao nje kidogo ya Migwani, baada ya matangazo ya harusi na ya kwaya. Alikuwa amefundisha ngumbaru mpaka akastaafu. Tuseme ukweli, bila yeye mbunge yule angekuwa anajiandikia mwenyewe. Nthenya alizigeuza zile kurasa kuwa Kikamba cha nyumbani: muswada uliokuwa ukijadiliwa Nairobi, basari za shule, mbolea ya ruzuku, barabara inayongoja greda. Yaliyochosha aliyaruka, na watu walimpenda kwa hilo.

Mwezi wa tisa, mto ukiwa mchanga mtupu, barua ilileta habari za maji ya bomba. Kule kila boma lina kisima chake mchangani, na wakati wa kiangazi hukichimba kila asubuhi, kidogo kidogo, na kuzuia kingo zake kwa miti. Ukikiacha wiki moja tu, kuta hukauka na kulegea. Nthenya alisoma kwamba kioski cha maji kingefunguliwa Alhamisi. Chini yake palikuwa na mstari mmoja: "iwapo pampu itapita majaribio." Ibada ilikuwa imejivuta mpaka saa nane, watoto wanalia njaa. Akauruka. Kanisa zima likapiga makofi, na tangu siku hiyo watu wakachota kilichobaki visimani, bila kuchimba.

Alhamisi kioski kilikuwa na kufuli. Pampu ilikuwa imegoma. Jumamosi asubuhi Kalunde, jirani wa Nthenya kwa miaka thelathini, mwanamke aliyecheka kwa sauti hata matangani, aliingia katika kisima chake ili akifufue. Ukuta ukamwangukia. Walipomfukua alikuwa ameshakata roho.

Barua iliyofuata ilikuwa na rambirambi kwa familia ya marehemu, "aliyetutoka kwa ajali." Nthenya aliinakili kwenye daftari, kisha akakaa nayo siku tatu mezani. Hakuna aliyejua habari za ule mstari. Barua ya mwezi uliopita ilikuwa kwenye simu yake peke yake, na angeweza kuifuta. Kijiji kizima kilikuwa kimeshamlaani Mheshimiwa, na watu kama hao wamezoea kulaaniwa. Lakini jina la Nthenya ndilo mali pekee aliyokuwa nayo, na akilisema hili, nani angemsikiliza tena? Aliogopa, kisha akaona haya kwa kuogopa kwake, huku Kalunde akiwa kaburini.

Jumapili alisoma kila kitu. Hakuruka neno, hata zile asilimia za ruzuku zilizowafanya wazee wasinzie. Alipomaliza rambirambi hakuketi. Alitoa simu.

"Barua ya mwezi jana ilikuwa na laini moja sikuwasomea," alisema, na akaisoma. "Ofisi haikuwadanganya. Ni mimi niliikata, kwa sababu tulikuwa tumechelewa."

Katika benchi la pili Mzee Nzomo, mume wa Kalunde, alisimama polepole akishikilia benchi la mbele.

"Isome tena, mwalimu."

Nthenya aliisoma tena, kwa Kikamba, neno kwa neno. Mzee aliisikiliza mpaka mwisho, akiangalia sakafu.

"Mimi nilimwambia tuendelee kuchimba," alisema. "Nikamwambia hawa watu wa ofisi, Alhamisi yao hatuijui. Akanijibu, si ofisi imesema. Ni Nthenya amesema."