Kituo Ambacho Sikukihamisha

Ofisi ya mipango ya mji imeandika kwenye faili langu kwamba mimi ndiye niliyehamisha kituo cha basi. Sikukihamisha. Aliyekihamisha nilimwona kwa macho yangu, nikiwa nimemshikia mlango.

Kwa miaka kumi na mmoja nilifagia chumba cha michoro, ghorofa ya tatu. Shule sikwenda, herufi nimezijua ukubwani, na nitasema huko mbele kwa nini nilizitafuta. Kazi yangu haikutaka herufi. Ilitaka mkono mwepesi, kwa sababu katikati ya chumba kulikuwa na meza pana kama vitanda viwili, na juu yake mji wetu wote umejengwa kwa mbao nyembamba na kadibodi: nyumba, madaraja, miti ya sponji, magari madogo kama punje za mahindi. Wakubwa walikuwa wakipanga namna ya kupunguza foleni. Mabasi yangepewa njia yao peke yao, na vituo vingepangwa upya. Kila asubuhi niliufuta vumbi mji mzima kwa brashi ya rangi, nikianzia sokoni. Nilikijua kila kituo. Nilichokipenda zaidi kilikuwa kile cha langoni mwa zahanati, chini ya mteremko. Mama yangu, ninayekaa naye, ana magoti mabovu, na kila wiki ya pili hupanda basi kwenda pale kupimwa presha.

Siku moja meza ilitakiwa ukumbini chini, wakubwa waje waupitishe mpango. Wanaume wanne waliibeba. Mlango ulikuwa mwembamba, wakailaza upande, na kibanda kimoja cha kituo kikadondoka karibu na kiatu changu. Kabla sijainama, mchoraji mkuu alishakiokota. Tulimwita Bwana Rula kwa sababu rula haikumtoka mfukoni. Walisema hata kwenye harusi ya bintiye alikuwa nayo. Akakitia gundi, akakibandika juu ya mteremko, kando ya tangi la maji.

Nilimwambia hapo hapo kwamba hicho ni cha zahanati, kinakaa chini. Hakukasirika, alicheka tu.

"Dada yangu, hii ni picha," alisema. "Hakuna mgonjwa atakayeshuka kwenye basi la kadibodi."

Nikaendelea kuwashikia mlango. Ningejua yatakayokuja, ningekibandua mwenyewe, angalau lawama ingekuwa ya haki.

Kumbe Bwana Rula alikuwa amechelewa na kazi. Michoro ya kuwapa wakandarasi ilitakiwa wiki ile ile, na badala ya kwenda barabarani na kamba ya kupimia, aliinamia meza na rula yake akapima mji wa mbao. Alichokipima ndicho kilichojengwa.

Siwezi kusema uongo, foleni ilipungua. Safari ya saa nzima ikawa ya dakika ishirini. Lakini basi linapita langoni mwa zahanati bila hata kupunguza mwendo, linapanda mpaka kwenye tangi, linawamwaga wagonjwa huko juu. Wanateremka kwa miguu. Wakishatibiwa wanaupanda mlima tena, hatua mia nne na kumi na mbili. Nilizihesabu nikiwa nimemshika mama kiwiko.

Watu walilalamika, kelele zikafika juu, kikaitwa kikao, na mimi nikaitwa. Niliulizwa swali moja tu: nani hufuta vumbi kwenye ile meza? Nikasema ni mimi. Karani akanisogezea karatasi na kidau cha wino, akasema ni ya kuonyesha kwamba nilihudhuria. Nikaweka dole gumba. Bwana Rula alikaa kiti cha tatu kutoka changu, akiangalia kucha zake.

Jumatatu nikahamishiwa nje, kufagia uwanja wa kuegesha magari. Barua yenyewe alinisomea binti yangu jikoni, polepole kama mtu anayetoa mwiba. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba nimekiri kuhamisha kibanda wakati wa usafi, alisita, akaruka mstari. Nikamwambia arudi. Wiki ile ile nikaanza kujifunza herufi kwenye daftari lake la zamani.

Madereva wa ofisi wakanipa jina, Injinia.

"Injinia, hebu nihamishie na nyumba yangu, isogee karibu na kazini."

Hawakuwa na ubaya, na nilicheka nao, maana ukinuna jina linaganda. Mtaani ndiko hakukuwa na kicheko. Wanawake wanaoupanda ule mlima na watoto mgongoni walianza kuniitikia salamu nusu mdomo. Hayo yote niliyameza. Lililonikwama kooni ni la mama. Tulikuwa tumekaa juu ya jiwe katikati ya mlima, anatafuta pumzi, akaniambia:

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa, sitakuchukia. Ulikigusa?"

"Sikukigusa, mama."

"Haya," akasema, akainuka. Haya yake haikuwa ya mtu aliyeamini.

Mwaka jana nilimkuta Bwana Rula akiwasha gari, nikasimama mbele ya boneti na ufagio wangu. Nilimwambia sidai kurudishwa chumba cha michoro, wala sitaki aadhibiwe. Nataka aje nyumbani amwambie mama yangu ukweli, basi. Alizima gari. Akateremsha kioo.

"Najua, dada," alisema. "Najua kila kitu. Ngoja nistaafu. Nikishatoka humu, nitakuja kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikamwelekeza nyumba, nikampisha.

Alistaafu miezi mitano iliyopita. Walimfanyia hafla ya mchana kwenye ukumbi ule ule, meza ya mji ikasogezwa ukutani kupisha viti. Wageni walipoondoka tuliitwa wafagizi wote. Kibanda bado kilikuwa kando ya tangi, gundi imegeuka manjano, na kilikuwa kinachezacheza. Kidole kimoja kingetosha. Nilifuta vumbi kukizunguka. Sikukigusa.

Ofisi ninaidai karatasi moja itoke kwenye faili langu. Mji unawadai wagonjwa, au tuseme wagonjwa wanaudai mji, kituo kiteremke hatua mia nne na kumi na mbili. Hayo yana barua zake na vikao vyake, yanaweza kusubiri. La Bwana Rula halisubiri. Nyumba anaijua: mlango wa bluu, nyuma ya ghala la mbao. Mama ana miaka sabini na tisa na sikio la kushoto limeshaziba. Akija, akae upande wa kulia.