Tuda Alivyofuma Uzio

Tuda na mimi tuliolewa mwaka mmoja, nyumba zetu zikitenganishwa na mfereji tu, kwa hiyo ninayosema nayajua. Hakuna mwanamke mbishi kama yule katika bonde letu lote. Ukimwambia jua limetoka, atachungulia kwanza.

Mumewe, Uqqa, alifariki kiangazi. Mtu mpole, maneno machache, mikono mikubwa. Kila vuli, kabla theluji haijateremka kutoka kwenye mierezi ya juu, alikuwa akisimamisha upya uzio wa miiba uliozunguka nyumba na zizi la kondoo wao kumi na mmoja. Uzio ndio unaoivunja nguvu theluji ya magharibi. Bila uzio huo, mlango unafukiwa, na kondoo wanakufa wamesimama.

Arobaini ilipokwisha, mwana wao wa pekee, Mimun, alikuja kutoka Meknes, anakotengeneza majokofu. Nilikuwepo, nimeshika birika la chai.

"Mama, tuuze kondoo, twende zetu mjini."

"Siendi."

"Theluji ikianguka utakaaje peke yako?"

"Kama nilivyokaa miaka arobaini na miwili."

"Ulikuwa na baba! Haya, tukubaliane. Mwisho wa Novemba nakuja na gari. Nikikuta umesimamisha uzio peke yako, unabaki. Nikikuta bado, unafunga virago na sitaki maneno."

"Nimekubali," akasema Tuda, na mimi nusura nimwage chai. Peke yako! Nani kwetu amewahi kujenga uzio peke yake? Hiyo ni kazi ya tiwizi, siku ambayo majirani wote wanakuja kukusaidia nawe unawapikia. Lakini Tuda akishatamka, basi tena.

Akaanza. Akakata matawi ya mkunazi, akayaburuta kwa punda, akachimbia vigingi. Nikienda na mundu wangu ananifukuza.

"Rudi kwako, Hadda. Unataka mwanangu aseme nimesaidiwa?"

"Mikono yako imekuwa kama mikate iliyoumuka, shoga!"

"Itapona hapahapa kwangu."

Sasa, Tuda ni mfumaji. Mazulia yake yanatandikwa mpaka nyumba za wakubwa, na hajui kufanya kitu kikalegea. Alichomeka tawi ndani ya tawi, akashindilia kwa ubao jinsi anavyoshindilia nyuzi. Siku ya tisa uzio ukasimama, mzuri ajabu, hata panya hana pa kupita. Mzee Bassu, jirani yetu wa juu, akapita na mbuzi wake akasimama.

"Bibie, hili zulia unamuuzia nani?"

"Pita zako, Bassu."

"Nauliza tu. Na upepo utapita wapi?"

"Usipite! Uzio ni wa nini basi?"

Bassu akatikisa kichwa, akaenda zake. Ningemzaba kofi mzee yule kwa kutosema zaidi.

Kesho yake alfajiri upepo ukaja. Ulivuma muda mfupi tu, lakini kulipopambazuka upande wote wa magharibi ulikuwa chini, vigingi vimeng'oka na mizizi ya nyasi. Kwetu mwanamume yeyote anajua kwamba uzio huachiwa matundu, upepo upenye ukiwa umechoka. Tuda hakujua. Miaka yote ile, siku ya uzio, yeye alikuwa jikoni akisonga unga wa watu ishirini.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe analia. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akilia.

"Uqqa amenishinda, Hadda. Nililala naye miaka arobaini na miwili, na hata kazi yake sikuijua."

Nililia naye, siwafichi. Halafu hasira zikanipanda.

"Hebu nisikilize. Huyo Uqqa alijenga peke yake lini? Mwaka gani? Nitajie!"

Akajipangusa machozi kwa kiganja.

"Mwanao amekupa sharti ambalo hata baba yake lingemshinda."

Nikapanda juu ya ukingo wa mfereji, nikamwita Bassu kwa sauti yangu yote, na ninyi hamjaisikia sauti yangu. Kabla ya adhuhuri watu kumi na wanne walikuwa uani na miundu yao. Tuda akaanza kukimbilia jikoni.

"Wee! Leo jikoni naingia mimi," nikamwambia. "Nenda kajifunze."

Akaenda. Bassu alimwonyesha pa kubana na pa kuachia, na kila mara mkono wa Tuda ulipotaka kuziba tundu, mzee alikohoa naye akauondoa.

Alasiri, huku uzio umebakiza kipande kidogo tu, Mimun akafika, siku nne kabla ya ahadi. Alisikia redioni kwamba theluji iko karibu. Akashuka garini, akatazama watu.

"Mama, tulisema peke yako."

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mimun! Baba yako aliwahi…"

"Najua, mama mdogo." Akainamisha kichwa. "Nilijua hawezi. Ndiyo maana nikasema vile."

Kila mtu akasimamisha kazi yake.

"Baba alikufa mimi niko njiani," akasema Mimun, akimgeukia mama yake. "Nilifika ameshazikwa. Naogopa, mama. Sitaki kufika nikute na wewe umeshafukiwa."

Tuda akaliweka chini tawi alilokuwa nalo. Akajifuta mikono kwenye gauni, mikono ile iliyovimba, akamshika mwanawe mashavu yote mawili, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Mimun aote ndevu.

"Basi usingoje kuitwa, mwanangu. Njoo nikiwa bado nina nguvu za kukutukana."

Mimun akacheka, machozi yanamtiririka.

"Na hilo koti la mjini livue," akasema Tuda. "Matawi yako pale. Usiyabane sana."