Gari la Wagonjwa

Pale kisiwani, kijijini Kiegeani, mtoto akikataa shule alitajiwa Safia. Alianza kazi kwenye kampuni ya bima ya afya Dar es Salaam akiwa mwanasheria wa chini kabisa, wa kutumwa kutoa kopi na kubebea wenzake mafaili, mpaka akawa mkuu wa wanasheria wote. Kilichompandisha ni mikataba yake. Ilibana. Mteja akidai kisichomo, Safia alimsomea hakimu neno moja tu, kesi ikaisha.

Mwaka huu mdogo wake, Arafa, alijifungua, damu ikawa haikatiki. Daktari wa hospitali ya Kilindoni akasema avushwe bahari haraka, apelekwe Dar es Salaam. Mumewe, Sudi, alikuwa na kadi ya bima ya kampuni ile ile ya shemeji yake, lakini mwenye boti alitaka kampuni ikubali kwanza. Sudi akapiga simu, akajibiwa kwa adabu: tunalipia gari la wagonjwa, boti haimo. Akampigia Safia. Simu imezimwa, mwenyewe yumo mahakamani. Mpaka wapatikane wavuvi wa kumvusha, Arafa alikuwa keshakata roho pale gatini.

Safia alifika maziko yamekwisha. Akaketi jamvini karibu na mama yake, aliyempakata kichanga. Mtoto alikuwa akigeuza mdomo huku na huku, anatafuta titi kwenye kanga ya bibi.

"Huyu harudi kwa baba yake," mama alisema. "Na huyo Sudi asikanyage hapa."

"Kisiwa kizima akakosa chombo!" shangazi Zuena akadakia. "Angekosa na mchanga wa kumzikia basi!"

"Halafu asingizie bima. Bima ya dada mtu, imkatae mdogo mtu? Mwongo mkubwa," mama akaongeza.

Kumbe Sudi yuko mlangoni, amesikia yote.

"Shikamoo, mama."

Mama akamvutia mtoto kifuani. Sudi akamgeukia Safia.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na mtu. Mke nimeshamzika, nataka mwanangu. Waambie tu, nilikataliwa au nilisema uongo?"

Wanawake wote wakamtazama Safia. Lilimjia mdomoni lile neno lake la ofisini, *nitafuatilia*. Akalimeza.

"Hakusema uongo," alisema. "Mkataba unasema gari. Niliuandika mimi."

"Gari?" mama akauliza taratibu.

"Gari, mama."

"Na hukuwaambia huko kwamba kwenu ni kisiwani?"

"Niliwaambia. Wakubwa wakasema boti ni ghali, niache gari peke yake. Nikaacha."

Mama alimfunika mtoto vizuri, akainuka kwa kushikilia ukuta, akaenda naye mlangoni. Alimweka mikononi mwa Sudi, akamrekebishia kiwiko ili kishingo cha mtoto kisilegee.

"Muwahishe kwa dada yako, yeye ananyonyesha. Ana njaa huyu tangu asubuhi. Nisamehe, baba."

Sudi akaondoka akilia waziwazi, hata hakujificha uso. Mama aliporudi hakukaa tena pale alipokuwa. Alikwenda kujibanza kule mwisho wa jamvi, katikati ya majirani, akampa Safia mgongo.

"Mama," Safia akaita.

Akaita tena. Majirani wakainamisha vichwa, na mama hakugeuka.