Nilijenga wodi kama stoo ya mahindi, mpaka mama yangu akalazwa humo

Wakuu, hamjambo. Leo sina siasa. Naleta kisa changu mwenyewe, na sijakitia chumvi, maana aliyekosea humu ndani ni mimi.

Miaka ya themanini nilikuwa fundi mwashi Kitale. Kazi yangu kubwa ilikuwa stoo za mahindi. Kama una shamba Trans-Nzoia unajua stoo nzuri ni ipi: kuta nene, mlango mmoja, madirisha madogo kule juu karibu na mabati. Hewa iingie, mwizi asiingie.

Nilisifiwa sana kwa hizo stoo, na sifa zikanipanda kichwani.

Kanisa moja kule Tongaren likaniita nijenge wodi ya vitanda sita kando ya dispensari yao. Plan ilikuwa karatasi moja tu, mengine nijazie mwenyewe.

Ukuta ulipofika kiunoni, Sista aliyesimamia dispensari akaja. "Fundi, achia dirisha hapa chini. Watu wangu hushinda wamelala."

Nikamwambia, "Sista, dirisha ya chini ni ya kuibiwa blanketi. Hii kazi naijua bana."

Akarudi kwa wagonjwa wake. Nikapandisha matofali. By the way, ile wodi mpaka leo haina ufa.

Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yametoa maua, mama yangu akapata nimonia. Shamba lake liko huko huko Tongaren, kwa hivyo akalazwa kwenye wodi yangu. Sindano za siku kumi.

Siku ya tatu nikaitwa. Mama amefunga nguo zake kwa leso, anataka kwenda nyumbani. Sista akanivuta kando akaniambia wazi: akitoka kabla ya kumaliza dawa, tunaweza kumpoteza.

Nikaingia kumbembeleza. Mama hakubishana. Akashuka kitandani polepole, ameshika ukuta.

"Lala hapo wewe."

"Mama, mimi si mgonjwa."

"Si nimesema lala?"

Nikalala. Wakuu, niliona mabati. Nikageuka kushoto, ukuta. Kulia, ukuta. Dirisha lilikuwa juu huko, limebakisha kipande cha wingu. Nje kulikuwa na mahindi mpaka macho yachoke, na Mlima Elgon nyuma yake. Mimi ndiye niliyewazibia wagonjwa.

Mama akasema, "Hivi ndio mahindi hukaa ikingoja kusagwa."

Niliona haya, acha tu.

Nikamwomba anipe siku mbili. Sista akawahamishia wagonjwa chumba cha kungojea, nami nikavunja ukuta unaotazama mlima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilivunja kazi yangu kwa nyundo yangu mwenyewe.

Safari hii nilipima madirisha nikiwa nimelala kitandani. Na kwa kuwa mvua ya alasiri hutokea upande huo wa mlima, nikarefusha paa hatua mbili nje, madirisha yakae wazi hata ikinyesha.

Mama akabaki. Sitadanganya kwamba dirisha ndilo lililomponya, sindano zilifanya kazi yake. Lakini alikubali kuzingojea. Akawa mtangazaji wa hali ya hewa wa wodi nzima: "Mvua inashuka kwa mlima, toeni nguo kwa kamba!" Na Sista alikuwa anatoka kweli, anaanua.

Siku ya kumi nilikuja kumchukua. Nikamkuta ameshatandika kitanda chake upya, amemshika mkono mama mmoja aliyelazwa asubuhi hiyo kule pembeni.

"Njoo ulale hapa kwa dirisha, uone mahindi," anamwambia. "Mimi naenda kuona yangu."

Tangu hapo nimejenga dispensari kadhaa, Kitale mpaka Bungoma, na kabla ya kuweka dirisha lolote huwa nalala chini kwanza. Mafundi wenzangu hunicheka. Wacheke. Nyumba ya mgonjwa ipimwe na aliyelala, si aliyesimama.

Sasa wewe uliyewahi kulazwa, ulikuwa unaona nini kutoka kitandani? Niandikie hapa chini. Nimezeeka, lakini bado najenga.